Uteuzi wa jimbo Kanada, mpango wa Atlantiki au visa 491 ya Australia: ipi inakufaa ukiwa Unguja au Pemba?

Kaa barza yoyote ya Mji Mkongwe au Chake Chake jioni, hukosi kumsikia mtu anauliza njia halali ya kwenda kuishi nje. Zamani jibu lilikuwa fupi: una jamaa Muscat au London? Basi mwandikie, usubiri. Siku hizi wanaouliza ni wauguzi, walimu wa hesabu, mafundi umeme, wapishi wa hoteli za Nungwi na vijana waliotoka SUZA na shahada ya kompyuta. Wanachotaka ni ukaazi wa kudumu. Kibali cha kazi cha miaka miwili hakiwatoshi. Na wengi wao pointi zao hazifiki zile zinazotakiwa kwa mtu anayejipeleka mwenyewe Toronto au Sydney.

Hapo ndipo zinapokuja njia za majimbo. Nchi inakulegezea masharti, na wewe unakubali kwenda kuishi ambako wengine hawakimbilii. Ninazilinganisha tatu: uteuzi wa jimbo nchini Kanada, mpango wa majimbo manne ya Atlantiki, ambao nao ni wa Kanada, na visa 491 ya Australia, ya wanaokubali kuishi nje ya miji mikubwa. Wenye nia ya kuanzia chuoni nimewawekea sehemu yao baadaye.

Mtu akinambia "nataka Kanada" au "nataka Australia" huwa naona ameanza na swali la pili. La kwanza ni nani atakayekushika mkono. Katika njia ya kwanza ni jimbo, katika ya pili ni mwajiri, na katika ya tatu ni pointi zako mwenyewe, kisha jimbo au jamaa anaongezea. Ukijua ni yupi kati ya hao unaweza kumpata ukiwa hapa hapa visiwani, uchaguzi unapungua wenyewe.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa mambo matano: anayeamua, kinachotakiwa kwako, fedha, sharti la mahali, na anayefaa kuijaribu. Watu hukimbilia kuuliza fedha. Mimi ningekushauri usome kwanza sharti la mahali, kwa sababu ndilo utakaloishi nalo kila siku baada ya ada kusahaulika, na ndipo njia hizi zinapotofautiana hasa.

Uteuzi wa jimbo, Kanada

Anayeamua. Mpango huu ulianza mwaka 1998, na leo uko katika majimbo yote ya Kanada isipokuwa Quebec, yenye utaratibu wake, na eneo la Nunavut. Jimbo hutazama upungufu wake wa watu wa kazi, likachagua. Likishakuteua, serikali kuu hukagua afya, rekodi ya polisi na nyaraka, kisha ndiyo inayotoa ukaazi. Uteuzi una namna mbili. Moja hupitia Express Entry, mfumo wa pointi uliozinduliwa Januari 2015, na uteuzi hukuongezea pointi 600. Kwa kuwa hata mtu mwenye sifa nzuri huhangaika kufika mia tano, aliyepewa hizo 600 anakuwa na hakika ya kuitwa. Namna ya pili iko nje ya Express Entry. Pointi hazibani sana lakini foleni ni ndefu zaidi.

Kinachotakiwa. Hapa hakuna jibu moja, kwa sababu kila jimbo lina milango yake na huifunga na kuifungua litakavyo. Manitoba, kwa mfano, humtazama sana mwenye jamaa au rafiki wa karibu anayeishi huko, au aliyewahi kusoma au kufanya kazi jimboni. Majimbo mengine hutaka ofa ya kazi, mengine huteua kada fulani tu: afya, ujenzi, ualimu wa watoto wadogo. Ukipitia Express Entry, umri unahesabiwa kwa ukali. Pointi kamili ni kwa wenye miaka 20 hadi 29, zinaanza kushuka ukifika 30, na ukifika 45 hupati hata moja ya umri. Vyeti vyako vya Zanzibar au Bara vitatakiwa kutathminiwa na chombo kinachotambuliwa huko, na mtihani wa lugha hauepukiki.

Nina neno kwa watembezaji watalii na wahudumu wa hoteli wanaozungumza Kifaransa. Kipaji hicho mnakiona cha kuombea bakshishi tu. Tangu 2023 Kanada imekuwa ikiwaita wanaojua Kifaransa katika Express Entry kwa makundi yao maalumu, na kwa pointi za chini sana kuliko wengine. Fanya mtihani unaotambuliwa kabla hujaamua huna nafasi.

Fedha. Ada ya serikali kuu kwa mwombaji mkuu ilipandishwa mwaka 2024 hadi dola 1,525 za Kanada, na desturi ni kuipandisha kila baada ya miaka miwili. Majimbo nayo hutoza ya kwao: Ontario huanzia dola 1,500, mengine mia chache. Kinachowaangusha wengi ni akiba. Katika Express Entry, asiyekuwa na ofa ya kazi inayokubalika pamoja na ruhusa ya kufanya kazi Kanada, kwa kawaida lazima aonyeshe kuwa ana zaidi ya dola 15,000 akiwa peke yake, na zaidi ya 28,000 akiwa na familia ya watu wanne. Fedha hizo hailipwi afisi yoyote, ni zako za kuanzia maisha, lakini benki itatakiwa kueleza historia ya akaunti ya miezi sita. Pesa uliyoazimwa na shangazi wiki moja kabla ya kuomba itaonekana. Na hesabu inamjumuisha mke na watoto hata kama wanabaki Wete.

Sharti la mahali. Unapoomba unaahidi kuwa una nia ya kweli ya kuishi katika jimbo lililokuteua. Ukishapata ukaazi, katiba ya Kanada inakupa haki ya kuhamia na kufanya kazi jimbo lolote, na hakuna askari atakayekufuata Winnipeg. Hata hivyo mtu aliyeomba kupitia Manitoba huku keshakodi nyumba Toronto anajitafutia balaa: kudanganya kwenye maombi ya uhamiaji Kanada adhabu yake ni kufungiwa miaka mitano.

Kasoro kubwa ya njia hii ni kuyumba kwa nafasi. Kwa mwaka 2025 Kanada ilipanga kupokea watu 55,000 tu kwa uteuzi wa majimbo, kutoka 110,000 zilizopangwa 2024. Mpango wa 2026 ukaipandisha tena hadi 91,500. Aliyeandaa nyaraka zake mwaka wa ukata hakuwa na kosa lolote, na bado alikwama.

Inamfaa nani. Mwenye shahada, umri chini ya miaka 35 hivi, Kiingereza kizuri na kada inayotafutwa. Au mwenye ndugu wa damu katika jimbo linalothamini jamaa. Inamfaa pia mtu mwenye subira ya kufuatilia matangazo ya jimbo moja moja kwa muda mrefu.

Majimbo manne ya Atlantiki

Mpango huu ulianza kwa majaribio Machi 2017, ukafanywa wa kudumu Januari 2022. Unahusu New Brunswick, Nova Scotia, Newfoundland and Labrador, na Prince Edward Island. Hiyo ya mwisho ni kisiwa kitupu, ndiyo jimbo dogo kuliko yote Kanada, na Pemba ingeingia humo zaidi ya mara tano. Viazi, samaki, kamba, watalii wa msimu wa joto. Mtu wa kwetu hatahitaji kuelezwa uchumi wa namna hiyo unakwendaje, wala kwa nini vijana wake huvuka maji kutafuta kazi.

Anayeamua. Mwajiri ndiye mlango. Lazima awe ameidhinishwa na jimbo kwa mpango huu, akupe ofa ya kazi ya saa kamili, kisha jimbo liithibitishe. Hakuna orodha ya kushindania pointi, na mwajiri hahitaji kile kibali kizito cha kuthibitisha kuwa amekosa Mkanada wa kumwajiri. Majimbo huchapisha orodha za waajiri walioidhinishwa, na mtu anaweza kuzisoma akiwa Mwanakwerekwe bila kumlipa wakala shilingi.

Kinachotakiwa. Hapa masharti yanafikika kuliko kwengine. Hakuna ukomo wa umri. Lugha ni daraja la tano la Kanada kwa kazi nyingi, ambalo kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS ni kama 5 katika kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na 4 katika kusoma. Kazi za ngazi ya chini zaidi ni daraja la nne. Elimu ya sekondari, ikishatathminiwa kuwa inalingana na ya Kanada, inatosha kwa kazi kama ya mpishi, msimamizi wa mkahawa au mpokea wageni wa hoteli. Kazi za kitaalamu zinataka cheti cha juu ya sekondari cha angalau mwaka mmoja.

Uzoefu unaotakiwa ni saa 1,560 za kazi ya kulipwa, zikiwa zimetandazwa katika miezi isiyopungua kumi na miwili, ndani ya miaka mitano iliyopita. Hebu tuliweke hili kwenye mazingira yetu. Mpishi wa hoteli ya Paje anayesimamishwa kila masika, Aprili na Mei, kisha akarudishwa Juni, hajapoteza kitu: saa zinajumlishwa kutoka vipindi na hata kwa waajiri mbalimbali. Anachohitaji ni barua inayotaja cheo, majukumu, saa kwa wiki na mshahara, pamoja na slipu zake au rekodi ya michango ya ZSSF. Barua ya mistari miwili yenye muhuri mkubwa inayosema "ni kijana mwaminifu na mchapakazi" haimsaidii. Mtembezaji watalii anayejitegemea, anayechukua wageni Forodhani na kulipwa mkononi, yuko pabaya zaidi, kwa sababu kazi ya kujiajiri haihesabiwi kabisa katika mpango huu. Kama una nia, tafuta ajira ya kuandikishwa mwaka huu, hata kwa pesa pungufu.

Wauguzi wana upendeleo wao. Muuguzi aliyesajiliwa anaweza kutumia uzoefu wake kuomba kwa ofa ya msaidizi wa wagonjwa au mhudumu wa majumbani, akaingia, kisha akahangaikia leseni ya uuguzi akiwa huko. Ni kushuka ngazi, nawajua wanaoliona ni dhalili. Lakini njia ya leseni ukiwa mbali ni ndefu, na wakati huo mshahara hauji.

Fedha. Ada ya serikali kuu ni ile ile. Akiba inayotakiwa ni takriban robo ya ile ya Express Entry, na aliyekwisha kuwa kazini Kanada kwa kibali haulizwi. Mwajiri haruhusiwi kukuuzia ofa. Akitokea mtu anasema ofa ya Halifax, Nova Scotia, ni milioni kumi, hicho ni kitu cha kukimbia.

Sharti la mahali. Nia ya kuishi Atlantiki inatakiwa, na unapewa mpango wa kukusaidia kutulia, wewe na familia. Baada ya ukaazi una uhuru ule ule wa kikatiba. Kinachokufunga ni mwajiri: kabla ukaazi haujatoka, ukigombana naye au akifilisika unaanza upya.

Nacho cha kujihadhari nacho: majimbo haya hubana kazi za hoteli na mikahawa pale maombi yanapozidi, wakazipa kipaumbele afya na ujenzi. Ofa nzuri ya jikoni inaweza kukaa bila kuguswa mwaka mzima.

Inamfaa nani. Mwenye ujuzi wa mikono au wa hoteli, umri umesogea, Kiingereza cha kazi kipo ila si cha kuandikia tasnifu. Na ambaye hababaiki kuandika barua za maombi mpaka zichakae.

Visa 491, Australia

Anayeamua. Wewe na pointi zako kwanza. Visa hii ilianza tarehe 16 Novemba 2019. Unatakiwa kufikisha angalau pointi 65, na ukiteuliwa na jimbo, au ukidhaminiwa na jamaa anayeishi nje ya miji mikubwa, unaongezewa 15 katika hesabu hiyo. Neno jamaa hapa wamelipanua kwa namna itakayomfurahisha Mzanzibari: wazazi, ndugu, shangazi, mjomba, mpaka binamu wa kwanza, ilimradi ni raia au mkaazi wa kudumu wa Australia na anaishi katika eneo linalokubalika. Ila usijipe matumaini makubwa. Wanaoitwa kwa udhamini wa jamaa huwa wachache kuliko wa majimbo.

Kinachotakiwa. Uwe na umri chini ya miaka 45 unapoalikwa. Kiingereza kisichopungua IELTS 6 katika kila sehemu, na hiyo haikupi pointi yoyote: 7 kote inatoa 10, 8 kote inatoa 20. Umri wa miaka 25 hadi 32 una pointi 30. Shahada ya kwanza 15. Uzoefu wa nje wa miaka mitatu 5, mitano 10, minane 15. Asiyeoa au asiyeolewa hupata 10, jambo ambalo kwetu lingezua mjadala.

Mchukue mhandisi wa umeme wa miaka 29, kapera, ana shahada, uzoefu wa miaka mitano, IELTS 7 kote. Umri 30, elimu 15, kazi 10, lugha 10, ukapera 10: hizo ni 75 kabla ya uteuzi, 90 baada yake. Ana la kusema mezani. Mwenzake wa miaka 41, ameoa mke asiye na mtihani wa lugha, IELTS 6: umri 15, elimu 15, kazi labda 15. Jumla 45, na kwa uteuzi 60. Hajafika, basi.

Kabla ya yote hayo kuna tathmini ya ujuzi, inayofanywa na chombo cha kada yako. Wahandisi hupitia Engineers Australia na wataalamu wa kompyuta hupitia ACS. Walimu huenda AITSL, na hao wana sharti la kuumiza: IELTS 7 kusoma na kuandika, 8 kusikiliza na kuzungumza. Mwalimu mzuri wa skuli ya sekondari Mkoani anaweza kuwa na kila kitu akazuiwa na hiyo 8.

Fedha. Ada ya visa peke yake inazidi dola 4,600 za Australia, na mwenza hulipiwa karibu nusu ya hapo. Ongeza tathmini, mtihani, vipimo vya afya, ada ya jimbo. Faida yake ni kwamba visa ya 491 inakupa huduma ya afya ya Medicare tangu mwanzo.

Sharti la mahali. Hapa Australia haicheki na mtu. Unapewa visa ya miaka mitano, na kwa muda wote huo wewe na familia mnatakiwa kuishi, kufanya kazi na kusoma katika eneo lililoainishwa. Baada ya miaka isiyopungua mitatu unaomba visa 191, ambayo ndiyo ukaazi wenyewe, ukionyesha hati za kodi za miaka mitatu. Hakuna kima cha chini cha kipato kinachotajwa sasa, lakini lazima kodi ionekane. Ukikiuka, ukaazi huupati, na visa inaweza kufutwa. Tofauti na Kanada, ambako unaahidi kisha unakuwa huru, hapa uhuru unakuja mwisho.

Lakini angalia wanachokiita eneo la pembeni. Ni Australia yote isipokuwa Sydney, Melbourne na Brisbane. Perth imo, Adelaide imo, Canberra imo, Gold Coast imo. Perth ina watu zaidi ya milioni mbili na tofauti yake ya saa na sisi ni tano tu; unampigia mama simu baada ya kazi naye ndiyo kwanza anatoka sokoni. Kutoka Halifax utakuwa nyuma yetu saa saba, sita wakati wa kiangazi chao.

Ipo pia visa 190, inayotoa ukaazi moja kwa moja, ila uteuzi wake huongeza pointi 5 tu na ushindani ni mkali. Na ipo 494, ya wenye mwajiri wa pembeni na uzoefu wa miaka mitatu, ambayo nayo huishia kwenye 191.

Inamfaa nani. Kijana wa taaluma yenye chombo cha tathmini, Kiingereza cha juu, mwenye uwezo wa kutanguliza fedha nyingi na kuishi miaka mitatu akiwa bado hana hakika kamili.

Wanaotaka kuanzia chuoni

Kwa mhitimu wa kidato cha sita au wa shahada ya kwanza, kusoma huko ni njia ya kuingilia mipango ile ile ukiwa na sifa zaidi. Mpango wa Atlantiki humsamehe uzoefu wa kazi aliyesoma chuo cha majimbo hayo kozi ya miaka miwili au zaidi, akaishi huko angalau miezi 16 katika miaka miwili kabla ya kuhitimu, na akaomba ndani ya miezi 24 baada yake. Ofa ya kazi bado atahitaji. Australia hutoa pointi 5 kwa miaka miwili ya masomo na nyengine 5 kama chuo kiko pembeni, na mhitimu wa pembeni anaweza kupata mwaka mmoja au miwili zaidi ya kibali cha kazi.

Bei ndiyo inayokata maneno. Mbali na karo, Kanada ilipandisha akiba ya mwanafunzi mmoja hadi dola 22,895 kuanzia Septemba 2025. Australia inataka dola 29,710 tangu Mei 2024, na ada ya visa ya mwanafunzi ilifika dola 2,000 Julai 2025, hairudi ukikataliwa. Tangu Julai 2024 visa ya mhitimu Australia ina ukomo wa miaka 35 kwa wengi. Kanada nayo imebana vibali vya wenza wa wanafunzi tangu Januari 2025, kwa hiyo hesabu ya "mimi nitasoma, mke atafanya kazi" inakubalika kwa baadhi ya kozi tu, hasa za uzamili na uzamivu.

Mzazi anayefikiria kuuza shamba la karafuu kwa ajili ya diploma ya mwaka mmoja, nampinga waziwazi. Kozi fupi haikupi sifa ya Atlantiki wala pointi za Australia.

Yanayotukwamisha sisi katika njia zote

Majina kwanza. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis Juma Haji, cha kidato cha nne kinasema Hamisi J. Haji, pasipoti inasema jengine. Afisa wa Ottawa au Adelaide hajui kwamba Othman na Athumani kwetu ni mtu mmoja. Sahihisha kwenye Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii na kwa hati ya kiapo mapema, kabla ya tathmini ya vyeti, maana ripoti ya tathmini ikishatoka na jina baya unalipa tena.

Pili, watoto wa kulea. Mtoto wa marehemu kaka uliyemlea tangu ananyonya ni wako kwa kila mtu Micheweni, lakini bila amri ya mahakama hahesabiwi mtegemezi. Na mtoto wako wa kumzaa, hata anayeishi kwa mama yake, lazima umtaje. Kanada ina kanuni kwamba usiyemtaja wakati wa kuomba kwa kawaida hutaruhusiwa kumdhamini baadaye.

Tatu, wake wawili. Nchi zote mbili zinatambua mwenza mmoja. Bora lizungumzwe nyumbani kabla ya fomu kujazwa.

Nne, pasipoti. Ukaazi wa kudumu hauondoi uraia wako wa Tanzania; unabaki na pasipoti yako. Uraia ndio unaokuja na gharama, kwa sababu sheria ya uraia ya 1995 humwondolea mtu mzima uraia wa Tanzania akichukua wa nchi nyengine kwa hiari. Kanada unaweza kuuomba ukikaa siku 1,095 ndani ya miaka mitano. Australia baada ya miaka minne ya kuishi kihalali, mmoja wake ukiwa mkaazi wa kudumu. Hakuna anayekulazimisha. Anayetaka kubaki mkaazi tu ajue Kanada inamtaka awepo siku 730 katika kila miaka mitano, na Australia inatumia hesabu inayokaribia hiyo anapohitaji kuhuisha haki ya kurudi.

Kuhusu mawakala: wa Kanada lazima awe mwanasheria au mshauri aliyesajiliwa na chombo chao, wa Australia awe mwanasheria wa huko au awe na namba ya MARA, chombo kinachosajili mawakala wa uhamiaji, na usajili wote unatafutika mtandaoni. Australia haina ubalozi hapa, mambo yake hupitia Nairobi. Anayekwambia ana "mtu wake ubalozini Dar" keshajieleza.

Ibada isiwe hofu. Adelaide ina msikiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1880, uliojengwa na wachunga ngamia kutoka pande za Afghanistan, na Edmonton ina Al Rashid tangu 1938. Miji midogo ya Atlantiki ndiyo utakayoulizia mapema.

Kwa hali yako

Una miaka 27, shahada, uzoefu, IELTS 7: anza tathmini ya Australia na fungua pia wasifu wa Express Entry. Havikatazani, na kimoja kikichelewa chengine kinatembea.

Una miaka 42, mpishi au fundi, familia ya watoto wanne: weka nguvu Atlantiki. Pointi za Australia zitakuangusha na umri utakuangusha Express Entry. Ukiwa mpishi, tuma maombi katika majimbo yote manne, usisubiri moja.

Wewe ni muuguzi: pima unachoweza kuvumilia. Kuingia haraka kwa cheo cha chini Nova Scotia, au kusubiri usajili kamili wa Australia ukiwa bado Mnazi Mmoja na mshahara wako.

Una ndugu Manitoba au binamu Perth: mtake akutumie ushahidi wa anapoishi kabla ya kuhesabu chochote. Jamaa wa Melbourne, kwa udhamini wa 491, hana msaada.

Unajua Kifaransa: Kanada, bila kuzunguka. New Brunswick hutumia lugha zote mbili rasmi, na mwaka 2025 yalifunguliwa majaribio ya jamii sita zinazozungumza Kifaransa nje ya Quebec.

Huwezi kuvumilia kupangiwa pa kuishi kwa miaka mitatu: acha 491.

Huna akiba lakini una kazi ya kuandikishwa hapa Zanzibar: usiiache. Kusanya slipu, fanya mtihani wa lugha, omba barua ya kazi yenye maelezo kamili mwajiri angali anakukumbuka vizuri, kisha anza kuwaandikia waajiri wa Atlantiki.